Krismasi na Mwaka Mpya bila nguo: wanaturisti wa Ufaransa wanavyosherehekea wakati wa baridi

Mwishoni mwa Desemba jua huzama Paris karibu saa kumi na moja jioni, vijiji vingi vya wanaturisti (watu wanaochagua kukaa uchi pamoja) vilivyo kando ya bahari vimeshafungwa tangu vuli, na nje kuna baridi ya kuuma masikio. Hata hivyo usiku wa tarehe 24 na ule wa tarehe 31 wapo Wafaransa wanaokaa mezani na wenzao, wakila chaza na kunywa shampeni, hali wako uchi. Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huwaza mambo matatu: watu hao wanajitesa kwenye theluji, wanafanya ufuska, au wanavunja sheria. La pili na la tatu yana majibu mafupi. La kwanza lina jibu refu, kwa sababu sherehe ya baridi bila nguo ni kazi ya kupanga joto kabla haijawa kitu kingine chochote.

Tuanze na ufuska. Shirikisho la Unaturisti la Ufaransa, linalojulikana kwa kifupi FFN, liliundwa mwaka 1950. Mwaka huohuo Albert na Christiane Lecocq walianzisha kituo cha Montalivet kwenye pwani ya Atlantiki, mkoani Gironde. Shirikisho la kimataifa lilizaliwa hapohapo Montalivet mwaka 1953, na mwaka 1974, mjini Agde, lilipitisha maelezo yanayotumika hadi leo: unaturisti ni namna ya kuishi kwa kupatana na maumbile, inayoonekana katika kukaa uchi pamoja, ili mtu ajiheshimu, awaheshimu wenzake na ayaheshimu mazingira. Ngono haimo. Christiane Lecocq aliishi hadi miaka 103, akafariki Desemba 2014, na mkazo wake ulibaki palepale: familia, afya, jua na urafiki.

Mkanganyiko unatoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa unatoka Cap d'Agde, mji wa mapumziko kwenye pwani ya kusini, ambako mtaa wa wanaturisti umevutia pia kumbi za watu wazima wanaotafuta starehe za kimwili. Makundi hayo mawili yanaishi jirani lakini hayafanani, na ukipata mwaliko wa sikukuu utayatofautisha kwa kuusoma vizuri. Mwaliko wenye neno "libertin", yaani wa starehe za ngono, au unaosema ni wa wapenzi wawiliwawili tu, si wa unaturisti. Mwaliko wa wanaturisti hutaja taulo, viatu vya ndani, chakula cha kuchangia, kadi ya uanachama, na mara nyingi saa ya kuanza na ya kumaliza.

Sasa sheria. Kifungu cha 222-32 cha kanuni ya adhabu ya Ufaransa kinaadhibu maonyesho ya kingono yanayolazimishwa machoni pa watu mahali panapoweza kuonwa na umma: kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 15,000. Kukaa uchi nyumbani kwako, katika nyumba ya kupanga au katika ukumbi wa chama, pamoja na watu waliokubali, si kosa. Hoja iko kwenye maneno "panapoweza kuonwa". Wakati wa kiangazi jambo hili huonekana la ufukweni tu. Wakati wa baridi linahamia dirishani: jua likishazama nje ni giza, ndani taa zinawaka, na chumba cha ghorofa ya chini kinachotazama barabara kinaonekana chote. Pazia zito linalofika sakafuni hufanya kazi mbili kwa pamoja, maana linazuia macho na linazuia kioo baridi kunyonya joto la ngozi. Kabla wageni hawajafika, washa taa zote, toka nje, uzunguke nyumba na uangalie unachokiona. Usisahau kioo cha mlango wa mbele wala dirisha la bafu.

Wanakutana wapi? Chaguo la kawaida kabisa ni nyumba ya mmoja wao, au nyumba kubwa ya mashambani inayopangishwa kwa wikendi na kugawana gharama. Chaguo la pili ni ukumbi wa chama. Vyama vingi vya wanaturisti ni vidogo, vimesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1901 inayosimamia vyama vya hiari, na wakati wa baridi vinaishi kwa kukodi bwawa la manispaa kwa saa chache. Paris, kwa mfano, wanaturisti wamekuwa wakiogelea jioni katika bwawa la Roger Le Gall, wilaya ya 12. Mabwawa mengi hubadili ratiba au hufungwa kabisa wakati wa likizo ya Krismasi, kwa hiyo karamu ya chama hufanywa kwenye kipindi cha mwisho kabla ya likizo, au huahirishwa hadi Januari.

Joto

Mwili wa binadamu aliyekaa kimya bila nguo hauhangaiki, hautetemeki wala hautoki jasho, hewa ikiwa kati ya nyuzi 27 na 30 hivi. Kwa bahati hilo ndilo joto la jioni ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi huohuo wa Desemba, na ndiyo maana msomaji wa pwani anaweza kushangaa tatizo liko wapi. Nyumba ya Kifaransa wakati wa baridi imewekwa nyuzi 19 hadi 21, na kanuni za nishati za nchi hiyo zinataja wastani wa nyuzi 19 kuwa kikomo cha kupasha nyumba za kuishi. Pengo hilo la nyuzi sita na zaidi ndilo linaloamua kama watu watafurahi au watavaa sweta kabla ya kitindamlo.

Hakuna anayepasha nyumba nzima hadi nyuzi 28. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza matumizi ya nishati kwa asilimia 7 hivi, na kundi linalosema linaheshimu mazingira haliwezi kulipuuza hilo. Wenye uzoefu hupasha chumba kimoja tu, hulenga nyuzi 24 hadi 26, na pungufu hulimaliza kwa njia nyingine: zulia, blanketi jepesi mgongoni mwa kila kiti, supu ya moto mwanzoni mwa mlo, na watu wengi kwenye nafasi ya kiasi. Mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Wageni ishirini ni wati 2,000, sawa na hita nzima ya umeme, na wakianza kucheza muziki kiasi hicho huongezeka maradufu au zaidi.

Kwa sababu hiyo joto halitakiwi kuwa lilelile usiku kucha. Watu wanapofika wametoka kwenye baridi na wanavua, kwa hiyo chumba kiwe nyuzi 25 au 26. Mlo wa Kifaransa wa sikukuu huchukua saa tatu au nne, na aliyekaa hazalishi joto jingi. Bakia kwenye 25. Muziki ukianza, shusha hadi 22, la sivyo jasho litawatiririka na wakikaa tena litawapoza ghafla. Baada ya saa saba usiku uchovu umeingia, damu imejaa pombe, na mwili hauzalishi joto kama mwanzo. Hapo ama unapandisha tena, ama watu wanavaa. Kuvaa si kushindwa. Wanaturisti wenyewe wana msemo wao: uchi inapowezekana, nguo inapolazimu.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuchelewa kuwasha. Hewa hupata joto ndani ya saa moja, lakini kuta nene za mawe za nyumba ya zamani hubaki baridi, na mwili usio na nguo hupoteza joto kuelekea kwenye kuta hizo hata kipimajoto kikisema 25. Wageni wanasema wanahisi baridi, mwenyeji anaonyesha kipimajoto, na pande zote mbili zina haki. Nyumba ya mawe iliyokaa bila mtu inataka kuwashwa siku nzima kabla. Nyumba mpya yenye kuta zilizozibwa vizuri inatosheka na saa tatu au nne.

Kosa la pili ni kupima joto kwenye usawa wa kichwa tu. Hewa ya moto hupanda juu. Weka kipimajoto kimoja kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyekaa na kingine sentimita kumi kutoka sakafuni. Tofauti ikizidi nyuzi 3, miguu itateseka hata kama nyuso zimeiva. Sakafu ya vigae ndiyo mbaya kuliko zote; tandika zulia chini ya meza yote, na uwaambie wageni waje na viatu vya ndani vilivyofunika vidole. Feni ya dari ikizungushwa polepole husukuma joto lirudi chini. Mlango wa kuingilia nao unahitaji pazia zito la pili, maana kila mgeni anayechelewa huingia na baridi yake, na mahali pa kuvulia nguo pasiwe pale kwenye korido.

Umeme unaharibu sherehe nyingi kuliko theluji. Nyumba nyingi za Ufaransa zina mkataba wa kVA 6 au 9 (kVA moja ni kama wati 1,000), na mita ikiona matumizi yamezidi kiwango hukata umeme wa nyumba nzima. Piga hesabu kwenye mkataba wa 6: oveni ya bata mzinga wati 2,500, hita ya ziada 2,000, mashine ya raclette, ya kuyeyushia jibini mezani, ya watu wanane 1,200. Umeshafika 5,700. Mtu akiwasha birika la chai, giza. Kisha kuna soketi zenyewe: saketi ya ampea 16 kwenye volti 230 hubeba wati 3,680, kwa hiyo hita na mashine ya raclette zisikae kwenye saketi moja na kitu kingine kizito, na hita isichomekwe kamwe kwenye waya wa kuongezea wenye soketi nyingi, kwa sababu waya huo hupata moto na kuyeyuka.

Jiko la kuni lina joto tamu, kavu, linalofika hadi kwenye mifupa, na kwa maoni yetu hakuna linaloshinda. Lakini ngozi tupu haina kinga dhidi ya cheche. Weka kizuizi cha wavu, usilifungue mlango wake watu wakiwa mbele, na anayetia kuni avae aproni na glavu. Chumba kilichozibwa ili kisipitishe baridi ni hatari ya hewa ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunusika: king'ora chake kiwepo, matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara, na madirisha yafunguliwe dakika kumi kabla wageni hawajafika. Katikati ya usiku fungua tena dakika tano, kila mtu akiwa amejifunika joho la kuogea. Usilete ndani jiko la mkaa au hita ya gesi iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje.

Taulo, mti na meza

Kanuni ya taulo haina msamaha: kila mtu hukaa juu ya taulo lake, na akihama kiti anahama nalo. Taulo la sentimita 70 kwa 140 linafunika kalio la kiti na mgongo wake. Njoo na mawili, moja la kukalia na jingine la kuogea. Kwenye sherehe wengi huchagua rangi nyekundu au dhahabu, na hapo ndipo pambo linapoanza: skafu ya hariri, kofia za karatasi, shanga, tai ya kipepeo shingoni, unga wa kung'aa mabegani. Watu hujipamba sana. Anayedhani kukosa nguo ni kukosa unadhifu hajaiona meza ya Kifaransa ya tarehe 31.

Mti wa Krismasi una somo lake. Kuna aina mbili zinazouzwa kwa wingi. Épicéa unanukia vizuri lakini humwaga sindano zake upesi, na kwenye chumba cha nyuzi 25 utakuwa umepukutika siku ya Krismasi yenyewe. Sindano hizo huingia kwenye zulia, kwenye taulo na kwenye nyayo, na aliyezikalia ndiye anayejua maumivu yake. Nordmann hugharimu zaidi, haunukii sana, lakini hushika sindano zake na ncha zake ni laini. Nunua Nordmann, uusimamishe mbali na hita, umwagilie maji kila siku. Mishumaa iwe mifupi, ndani ya glasi, katikati ya meza ambako hakuna mkono unaopita juu yake.

Chakula ni kilekile cha Wafaransa wote: chaza, ini la bata lililonona, samaki aina ya salmoni aliyefukizwa moshi, bata mzinga au jogoo aliyehasiwa, jibini, kisha keki ya gogo. Kinachobadilika ni muda. Chumba chenye joto hupasha chakula haraka. Chaza sita kwa mtu zinatosha kama kianzio. Zifunguliwe kwenye baridi ya jikoni au varandani na mtu aliyevaa aproni na glavu nene mkono wa kushoto, kisha ziletwe sinia moja baada ya nyingine juu ya barafu. Ini la bata hutolewa kwenye friji dakika kumi kabla. Keki ya gogo yenye krimu ya siagi ikikaa nusu saa kwenye nyuzi 25 inaanza kulegea na kutelemka, kwa hiyo ibaki kwenye friji hadi sahani za jibini zitakapoondolewa. Mayonezi na vyakula vya baharini visipitishe saa mbili mezani. Shampeni ikae kwenye ndoo yenye maji na barafu pamoja, kwa sababu barafu peke yake haiigusi chupa vizuri. Chupa moja ya sentilita 75 ni glasi sita.

Wanaokwepa mapishi marefu huchagua raclette: gramu 200 za jibini kwa mtu, gramu 250 za viazi, na gramu 100 au 150 za nyama baridi. Ni chakula cha kukaa pamoja, nacho hupasha chumba. Fondue ya mafuta ya moto, ambayo kila mtu hutumbukiza nyama yake kwenye sufuria iliyo katikati, tunaikataa bila mjadala. Mafuta ya nyuzi 180 yakirukia shati ni hasara ya shati. Yakirukia kifua kitupu ni safari ya hospitali usiku wa sikukuu. Kuwasha pombe moto juu ya kitindamlo nako kuachwe.

Adabu za saa sita usiku

Mwaka ukigeuka, Wafaransa hupeana busu za mashavuni. Wanaturisti hufanya hivyohivyo, ila mwili unabaki nyuma: mashavu yanakutana, mkono unaweza kugusa bega, vifua havikutani. Kwa asiyejulikana vizuri, mkono wa salamu unatosha. Tawi la mlimbo linaloning'inizwa mlangoni, ambalo kwa desturi watu hubusiana chini yake, liwe pambo tu; hakuna anayedaiwa busu kwa sababu amepita hapo. Asiyetaka kucheza muziki haulizwi mara mbili.

Simu ni jambo zito zaidi. Kumpiga mtu picha mahali pa faragha bila idhini yake ni kosa chini ya kifungu cha 226-1, kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 45,000. Njia nzuri ni kikapu mlangoni: simu zote humo, na anayesubiri simu ya mgonjwa au ya mtoto huenda kuipokea chumba kingine. Anayetaka kumbukumbu apige picha ya meza kabla watu hawajakaa.

Mgeni mpya, akiwemo Mswahili anayeishi Paris au Lyon aliyealikwa na mwenzake wa kazini, ana haki ya kuuliza kila kitu mapema: nani watakuwepo, ni lazima kuvua, kuna chumba cha kubadilishia? Baadhi ya nyumba huruhusu mgeni abaki na kanga au taulo kiunoni saa ya kwanza; nyingine husema wazi kwamba wote wavue, ili asiwepo mtazamaji aliyevaa. Zote mbili ni halali zikisemwa kabla. Kama imani au malezi yako hayakuruhusu, kataa kwa maneno mepesi na upendekeze mwonane kwenye chakula cha mchana tarehe nyingine. Mwanaturisti wa kweli hakasiriki. Amezoea kukataliwa na ndugu zake mwenyewe.

Penye sauna au bwawa dogo la maji ya moto, pombe ije baadaye. Sauna ya nyuzi 80 hadi 90 ni ya dakika nane hadi kumi na tano, kisha maji baridi na mapumziko. Bwawa la maji ya moto liwe nyuzi 37 au 38, dakika ishirini hivi. Joto na pombe vyote hutanua mishipa, shinikizo la damu hushuka, na mtu huanguka anaposimama kutoka majini, mahali penye vigae vilivyolowa.

Kuoga baharini tarehe 1 Januari

Kuingia baharini siku ya Mwaka Mpya ni desturi ya miji mingi ya pwani ya Ufaransa, na wengi huingia na mavazi ya kuchekesha. Malo-les-Bains, kaskazini kabisa, ni maarufu kwa hilo. Wanaturisti wa kusini huingia uchi, kwenye fukwe zilizotengwa kwa ajili yao. Soma kwanza bango la amri ya manispaa, maana ndilo linaloonyesha eneo linaanzia na kuishia wapi.

Maji ya Languedoc, pwani ya kusini, wakati huo huwa nyuzi 12 au 13. Dakika ya kwanza hadi ya tatu ndiyo ya hatari: pumzi inakatika, mtu anahema bila kutaka, na akiwa amejirusha kichwa kwanza anavuta maji mapafuni. Ingia kwa kutembea, lowesha shingo na kifua, toa pumzi ndefu, kaa mahali unapogusa chini, na utoke ndani ya dakika mbili au tatu. Upepo ni adui mkubwa kuliko maji. Hewa ya nyuzi 8 na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 3, na siku ya tramontane, upepo mkali na baridi wa eneo hilo, ni busara kubaki ndani. Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu, na wajawazito wasiingie.

Ukitoka, mwili utaendelea kupoa kwa dakika kumi au zaidi, kwa sababu baridi ya ngozi, mikono na miguu inaendelea kuingia katikati. Kwa hiyo nguo zipangwe kabla, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu: kofia, kisha jifute kifua na uvae sweta, halafu suruali, mwisho soksi na viatu visivyo na kamba, maana vidole havitaweza kufunga. Kunywa kitu cha moto chenye sukari. Usiingie kwenye bafu la maji ya moto sana mpaka kutetemeka kukome, na mvinyo ungoje hadi utakapokuwa umeshavaa na umekaa ndani.